Kisanduku cha Saa Kumi na Moja

Gerezani walimwita Kalamu Nyekundu, ila si mbele yake. Mbele yake walimwita Sista, kama anavyoitwa muuguzi yeyote, na askari vijana wakamwita mama, nusu kwa heshima na nusu kwa kumwogopa. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, goti moja bovu, na miwani iliyofungwa kwa plasta ya vidonda, kwa kuwa zahanati ya gereza haikukosa plasta hata siku ilipokosa dawa. Barua yake ya ajira ilisema kazi yake ni kutibu. Kazi iliyomkalisha kitini mpaka mgongo ukamuuma ilikuwa nyingine: kuandika nani amekufa, lini, na kwa nini.

Maana mfungwa hafi hivihivi. Wewe na mimi tukifa watu watalia, watazika, basi. Mfungwa akifa makao makuu wanataka fomu, tena kurasa nne. Alikufa kwa ugonjwa, kwa ajali, kwa kupigwa, kwa kujiua, au haijulikani? Sista alikuwa na daftari kubwa la jalada la bluu lenye safu hizo tano. Mwaka uliopita yaliingia humo majina kumi na moja, na manne kati yake yalikuwa kwenye safu ya kujiua. Hao wanne walimkaa rohoni. Ungemkuta anapika nyumbani kwake, mwiko hewani, macho ukutani, na mumewe akimuuliza, "Umeondoka tena?" anajibu, "Nipo," na chakula kinaungua.

Mfungwa anayehofiwa kujidhuru huhamishiwa selo ya uangalizi. Nje ya mlango hutundikwa kibao chenye karatasi ya visanduku ishirini na vinne, kimoja kwa kila nusu saa ya zamu. Askari anatakiwa achungulie kwenye kitundu cha mlango, amwone mtu, aandike alichokiona, aweke saini. Ni kazi ndogo. Mtu mzima na macho yake anaiweza. Lakini miaka mitatu nyuma wakaguzi walikuta karatasi zina mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba, wakamgombeza Mkuu wa gereza, na Mkuu akashuka zahanati kumgombeza Sista, kwa kuwa ndiye aliyezikusanya.

Sista naye hakuwa mtu wa kugombezwa mara mbili. Alinunua boksi la kalamu nyekundu. Kila kisanduku kitupu alikizungushia duara, akaandika pembeni KWA NINI kwa herufi kubwa, akamrudishia askari, nakala kwa Mkuu. Na Mkuu alikata siku za likizo bila huruma. Haukupita mwezi, mapengo yakaisha. Karatasi zikaja zimejaa, safi, unazitazama mpaka unataka kuzipiga picha. Makao makuu wakamtunuku cheti cha kumbukumbu bora, akakitundika juu ya kabati la dawa. Jambo moja tu lilimtatiza, na alilisukuma kando kila lilipomjia: watu hawakuacha kufa.

Alhamisi hiyo, saa nane kasoro dakika tano mchana, alikuwa mezani anajaza fomu ya Mwalimu. Mwalimu alikuwa mfungwa, kweli aliwahi kufundisha shule, na gerezani alikuwa akiwaandikia wenzake barua. Jumatatu asubuhi, saa moja na nusu, chai inagawiwa, alikutwa amekufa katika selo ya uangalizi. Alijiua. Daktari aliyeitwa kutoka hospitali alisema alikufa muda wa saa nne au tano kabla ya kukutwa. Fomu ilitakiwa iondoke na gari la saa kumi, na Sista alikuwa amefika swali la tisa: marehemu alionekana hai mara ya mwisho saa ngapi?

Swali la tisa halikuwahi kumsumbua hata siku moja. Unachukua karatasi ya mlangoni, unaangalia kisanduku cha mwisho, unanakili. Akaivuta, akaweka kidole kwenye mstari wa chini, akasoma.

"Saa mbili kamili. Amelala, anapumua vizuri."

Akaandika saa mbi, na kalamu ikasimama yenyewe. Saa mbili kamili asubuhi ya Jumatatu Sista alikuwa amepiga magoti kwenye korido, ameshika mkono wa Mwalimu, na mkono ulikuwa baridi kama bomba la maji. Mtu alikuwa chini ya blanketi, korido nzima inatazama. Halafu karatasi inasema anapumua, tena vizuri.

Akapandisha kidole. Visanduku vyote ishirini na vinne vilikuwa na wino mmoja na mwandiko mmoja ulioegemea upande mmoja, kama ulioandikwa kwa pumzi moja. Saini ilikuwa ya mkwewe.

Mkwewe alikuwa mume wa binti yake wa pili, askari wa miaka ishirini na tisa, mpole mno, ambaye Sista mwenyewe alimpeleka kwa Mkuu kumwombea kazi. Bintiye alikuwa na mimba ya miezi saba. Wazo la kwanza la Sista, nalisema kama lilivyokuwa, halikuwa la Mwalimu. Lilikuwa: karatasi hii nani mwingine ameiona?

Wazo la pili lilikuja polepole. Kwa nini mtu ajaze karatasi yote mwanzoni mwa zamu? Kwa sababu akiitwa kwingine, akichelewa, akisahau, hakuna kisanduku kitakachobaki kitupu. Na nani aliyewafundisha kuogopa kisanduku kitupu kuliko kuogopa maiti? Sista akakitazama kile cheti juu ya kabati, akashusha macho upesi.

Wazo la tatu lilimsimamisha. Leo Alhamisi mkwewe alikuwa zamu ya mchana, korido ileile. Na kwenye selo ileile kulikuwa na mtu.

Mtu huyo alikuwa Fundi, mshonaji wa karakana ya gereza, rafiki kipenzi wa Mwalimu. Mwezi uliopita alipata barua kwamba mama yake amekufa na ameshazikwa. Mwalimu ndiye aliyemsomea. Tangu Jumatatu Fundi hakula wala hakuongea, na jana Sista mwenyewe aliandika jina lake kwenye orodha ya uangalizi, akaenda nyumbani moyo umetulia, maana mtu sasa anaangaliwa.

Sista alitoka bila kufunga mlango wa zahanati, kosa ambalo angemwandikia mtu mwingine. Alivuka uwanja akichechemea. Wafungwa wa zamu ya kufagia wakampisha, mmoja akamtania, "Sista leo unakimbilia posho?" Hakumsikia. Lango la chuma la korido lilikuwa limerudishiwa tu, na ndani hapakuwa na askari hata mmoja. Kiti cha askari kilikuwa kitupu. Ilikuwa saa nane na dakika kumi.

Kibao kilining'inia mahali pake. Akakisogeza kwenye mwanga, akasoma. Saa nane na nusu, ambayo ilikuwa haijafika: amelala. Saa kumi: anakunywa maji. Saa kumi na moja: amekaa, anazungumza. Saa moja: amelala. Saa mbili usiku, mwisho wa zamu: amelala, anapumua vizuri. Siku nzima ya mtu ilikuwa imeshaandikwa na kusainiwa, na mwenyewe bado hajaiishi.

Akachungulia kwenye kitundu. Aliona godoro, aliona ndoo, aliona kikombe cha plastiki kimelala ubavu. Hakumwona Fundi.

"Fundi," akaita. "Fundi, ni mimi Sista."

Kimya. Akapiga mlango kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Ile kona iliyo chini ya kitundu, nyuma ya mlango, haionekani kwa nje. Kila mtu gerezani anajua hivyo, na fomu ya matengenezo ilishapelekwa mara mbili. Mwalimu alikutwa kwenye kona hiyohiyo. Ufunguo ulikuwa na mkwewe, na mkwewe hakujulikana alipo.

Alimkuta getini. Ilikuwa siku ya wageni na askari walikuwa pungufu, kwa hiyo Mkuu alikuwa amemtoa koridoni akapekue mifuko. Alikuwa ameshika kopo la mafuta ya kujipaka la mama mmoja, analinusa.

"Baba, ufunguo," Sista akasema.

"Shikamoo mama. Ngoja nimalize huyu..."

"Ufunguo wa Fundi. Sasa hivi."

Kijana akamtazama usoni, na sijui alisoma nini, lakini kopo lilimdondoka. Walikimbia wote wawili. Yeye akatangulia, kisha akarudi nyuma kumshika mama mkwe mkono, kwa sababu goti lilikuwa limekataa. Na mkwe na mama mkwe, watu ambao miaka minne walikuwa wakipishana mlangoni kwa adabu kama wageni rasmi, wakavuka uwanja wameshikana kama watoto waliopotea sokoni.

Ufunguo uliingia vibaya. Ukatolewa, ukaingia tena. Mlango ulipofunguliwa ulisogea shubiri moja ukagota kwenye kitu laini, kizito. Mkwe akasema, "Mungu wangu," kwa sauti ya chini kabisa. Sista alijipenyeza kwa ubavu kupitia uwazi ule, na ukimwona umbo lake leo hii hutaamini alipitaje.

Fundi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo mlangoni. Alikuwa mzima. Alichokuwa nacho mkononi sikitaji hapa, kimeshachomwa moto, na hakimhusu mtu. Sista aliinama, akanyoosha mkono, akasubiri. Alikuwa anaogopa hata kupumua. Muda ulipita, mrefu, kisha vidole vya Fundi vikalegea, na kile kitu akakichukua.

"Mbona huitiki, mwanangu? Nimekuita."

"Nilijua si wewe," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka, ya mtu asiyeongea siku tatu. "Nilidhani nasikia sauti za kichwani tu. Leo sikutegemea mtu."

"Ulikuwa unaangaliwa kila nusu saa."

Fundi akageuza kichwa, akamtazama askari aliyesimama mlangoni. Hakumtazama kwa hasira. "Asubuhi nilimwona kwenye kitundu," akasema. "Alichungulia mara moja tu, halafu akaandika, akaandika, akaandika. Mimi ni fundi, Sista, najua kazi ya kushona nguo moja na kazi ya kushona sare za shule nzima. Mtu haandiki hivyo kwa kuniona mara moja. Nikajua mpaka usiku nimeshaandikwa mzima. Basi nikasema hakuna atakayesumbuka."

Sista alikaa sakafuni pale pale, goti na yote. Alilia, tena bila kujificha. Mkwe alisimama kama aliyepigiliwa misumari.

Walimtoa Fundi wakamkalisha kwenye benchi la korido, mlango wazi, maji kikombeni. Sista alimtuma mfagiaji aliyemkuta langoni amletee fomu ya Mwalimu na karatasi yake ya mlangoni, pamoja na karatasi moja ya zamani kutoka kwenye jalada. Hakuthubutu kuondoka. Kila Fundi aliposogeza mguu, yeye moyo ulimruka.

Mkwe akachuchumaa mbele yake, kofia mkononi. "Mama. Jumatatu."

"Nimeona."

"Nilikuwa peke yangu, korido mbili. Nilipita saa tano usiku wa Jumapili, nikamwona Mwalimu kwa macho yangu, amekaa. Halafu kule korido ya pili mtu akaanza kutapika damu, nikakaa naye mpaka asubuhi. Nilikuwa nimeshajaza." Alikuwa anaumauma maneno. "Wote tunajaza, mama. Ukikuta kisanduku kitupu unatuandikia KWA NINI, na hatuna cha kukujibu. Tutajibu tuko wachache? Mkuu ataipokea hiyo?"

Sista angeweza kumpiga kofi, na angeweza kumkumbatia, na yote mawili yangekuwa haki. Alimwona binti yake na tumbo lile, akamwona Mwalimu chini ya blanketi, akaogopa kama hajawahi kuogopa tangu azaliwe.

Saa tisa na nusu Mkuu akaja mwenyewe. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, anayekutisha kwa kuongea pole. Akamtazama Fundi, akatazama mlango ulio wazi, akaelewa kiasi alichotaka kuelewa.

"Sista, gari linaondoka saa kumi. Fomu ya Mwalimu iko wapi?"

"Ninaimalizia, Afande. Nimefika swali la tisa."

"Nakili kilichoko kwenye karatasi."

"Karatasi inasema saa mbili asubuhi. Saa mbili mimi na wewe tulikuwa mbele ya maiti yake."

Mkuu akatazama saa yake. "Basi andika saa moja kamili. Na sababu ya kifo, andika moyo ulisimama. Familia yake itashukuru."

"Afande, moyo wa kila aliyekufa umesimama."

Mkuu hakucheka. Akaelekeza kidevu kwa yule kijana. "Huyu si mkweo? Mke wake si mjamzito? Fikiria vizuri, mama. Umebakiza miaka miwili ustaafu kwa heshima."

Akasogea mpaka mwisho wa korido, akasimama anawasubiri, mikono nyuma. Sista akaiweka fomu gotini. Mwandiko wake, ule wa kutunukiwa cheti, ukawa kama wa kuku aliyekanyaga wino. Aliandika: alionekana hai mara ya mwisho saa tano usiku. Baada ya hapo hakuna aliyemwangalia. Karatasi ya uangalizi ilijazwa kabla, kwa sababu askari alikuwa mmoja kwa korido mbili, na kwa sababu mimi nimewaadhibu miaka mitatu kwa visanduku vitupu. Kwenye sababu ya kifo akaandika kujiua. Akabana nyuma karatasi ya Mwalimu, na ile ya zamani yenye maduara yake mekundu, KWA NINI, KWA NINI, KWA NINI, ili makao makuu waone wenyewe. Akasaini.

Mkuu alirudi, akasoma bila kuigusa. "Na bila saini yangu inakwenda?"

"Sehemu yako nimeiacha tupu, Afande."

Walitazamana. Sista alidhani ataichana, na hakujua angefanya nini akiichana. Lakini Fundi alikuwa pale benchini anawatazama, na wafagiaji wawili walikuwa langoni na mifagio yao, na ilikuwa siku ya wageni. Mkuu akazungusha kisigino. "Tutaonana ofisini kesho saa mbili," akasema, na viatu vyake vikasikika mpaka nje.

Sista akatia fomu kwenye bahasha, akailamba, akamnyooshea mkwewe.

"Mpelekee dereva. Wewe mwenyewe."

Kijana akaitazama bahasha. Alijua kilichomo, maana alisimama pale muda wote. "Mama, mimi?"

"Siwezi kumwacha Fundi. Na hapa niliyenaye ni wewe."

Aliondoka nayo. Hapo ndipo hofu ilipomshika Sista kwelikweli. Kuna vyoo njiani, kuna tanuri la taka njiani, kuna uwanja mzima wa kubadili nia. Saa kumi ikafika. Gari likasikika linawaka, likaondoka, na kijana hakuwa amerudi. Zikapita dakika tano, zikapita kumi. Sista alihesabu vigae vya korido, akavikosea, akaanza upya. Fundi akamuuliza, "Unaumwa?" naye akasema, "Naogopa tu, mwanangu," na Fundi akatikisa kichwa kama mtu anayeujua ugonjwa huo.

Mkwe alirudi saa kumi na robo, macho mekundu, na kitabu cha kupokelea barua mkononi. Saini ya dereva ilikuwa pale, na saa pembeni. "Nilikaa nyuma ya ukuta kidogo," akasema. "Kisha nikampa." Akaketi kwenye kiti chake cha askari. Hakuomba shukrani, na Sista hakumpa. Alimtazama tu, akawaza jinsi atakavyomweleza binti yake jioni hiyo, na hakupata hata neno la kuanzia.

Gari la hospitali lingefika kumchukua Fundi kabla ya giza. Wakasubiri watatu. Mwanga wa dirisha la juu ulikuwa umeshafika ukuta wa pili Fundi aliponyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Naomba kile kibao."

Mkwe akamtazama Sista. Sista akaitikia kwa kichwa. Fundi akakipokea, akaisoma siku yake mstari kwa mstari, kidole kikishuka taratibu kama kinapima kitambaa. Kikasimama karibu na chini.

"Sasa hivi saa ngapi, Sista?"

Sista akatazama saa yake. "Kumi na moja kamili."

Fundi akasoma kwa sauti. "Amekaa, anazungumza." Akakiweka kibao chini, akasogea kwenye benchi akampisha yule askari nafasi, akamwashiria kwa mkono aje.

"Haya," akasema. "Mama yangu alikuwa mfupi, anapenda ugomvi."